Dirisha la Chumba cha Jastin

Ingieni wote wawili, na huo mlango uacheni wazi. Usiniambie habari ya baridi, Elius. Baridi ya mwezi wa saba naijua tangu hujazaliwa, na hii niliyonayo miguuni si ya hewa. Wewe kaa hapo kwenye kigoda. Anneth, kaa upande huu, kitandani, nikushike. Najua mnashangaa kwa nini nimewaambia vijana wanihamishie kitanda huku, kwenye chumba cha Jastin, ambacho hakijalaliwa na mtu tangu tulipowatoa humu yeye na mkewe Nelly wakiwa wamefunikwa shuka moja. Nimetaka mnisikie nikiwa humu. Mwanangu wa mwisho alifia humu, nami Dorika mama yake nitafia humu, na yaliyofichwa kwa ajili ya chumba hiki yatatoka leo, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeficha hadi kifo kimetuzoea.

Msinikatize. Nikikohoa, subirini. Nikinyamaza msidhani nimekwisha, nitakuwa natafuta pumzi.

Nianze na mali, kwa kuwa moyo wa mrithi hautulii mpaka asikie fungu lake. Kinyungu cha kule bondeni, kile kinachotupa mboga hata kiangazi, ni cha Anneth. Wewe ndiye uliyekuwa ukiinama humo pamoja nami kabla ya kwenda shule, na hata sasa ukija kutoka Makambako na viatu vyako vya ualimu unavivua na kuingia matopeni bila kuombwa. Miparachichi ya mteremkoni mgawane, na asije mmoja akachungulia matunda ya mwenzake. Ng'ombe ni wa jirani yetu Yudita, na mtasikia kwa nini. Milanzi yote ya nyuma ya zizi ni ya Elius. Usikunje uso, mwinjilisti! Najua kule Wanging'ombe unahubiri juu ya ulevi mpaka koo linakauka, lakini ulanzi niliougema kwenye mianzi hiyo ndio uliokuvalisha sare za shule, na Mungu hakuukataa. Tena ipo sababu nyingine ya kukupa milanzi. Unaijua, nami nitaifikia. Na nyumba hii, pamoja na chumba hiki, ni ya Ema.

Ema ndiye hasa niliyewaitia, mengine yote ni ya kupita. Mtoto yule alikuwa na miaka mitatu baba na mama yake walipokufa, na usiku ule alilala kwangu, kule chumba cha mbele, kwa sababu alikuwa na kikohozi nami nilitaka kumpaka mafuta kifuani. Kikohozi ndicho kilichomwacha hai. Watu wengi wameniambia, Mama Elius, huoni mkono wa Mungu hapo? Mimi hunyamaza. Nikisema Mungu ndiye aliyempa Ema kikohozi ili apone, itanibidi niseme pia ni nani aliyewanyima kikohozi baba na mama yake, na hilo mdomo wangu haujaweza kulisema.

Sasa tazameni mlivyomfanya, kila mmoja kwa mapenzi yake. Wewe Elius ulimpakata mtoto ukamwambia Mungu aliwachukua wazazi wake kwa kuwa aliwapenda mno. Ulisema kwa upole, nilikuwepo, sikukulaumu. Lakini ukaondoka, ukaniacha naye. Wiki ile ile mtoto akabadilika: anavunja vikombe, anamwaga maziwa, anamtukana kila mgeni. Nilimchapa mpaka nikachoka, mwisho nikamkalisha nikamuuliza, we mtoto, umeingiwa na nini? Akaniambia, "Bibi, nikiwa mzuri Mungu atanipenda." Anneth, wewe ulipolisikia hilo ulikasirika, ukaja mbio, ukamkalisha ukamweleza habari ya hewa ya mkaa, kwamba haina rangi wala harufu, na kwamba ndiyo iliyowaua. Ulisema kweli tupu. Tangu siku hiyo mtoto haingii jikoni. Miezi hii ya ukungu sisi tukiota moto, yeye anasimama uani meno yakigongana, na ukimvuta ndani anapiga mayowe utadhani unamchinja. Mmoja wenu amemfundisha kumwogopa Mungu, mwingine amemfundisha kuuogopa moto, mkaniachia mimi kizee mtoto asiye na mahali pa kujipasha joto.

Juzi alikuwa ananikanda hii miguu iliyojaa maji. Akauliza, "Bibi, na wewe ukifa, atakuwa amekuua nani?" Wanangu, nimezaa, nimezika, nimelala njaa, lakini swali lile lilinikata pumzi kuliko moyo huu mbovu. Nikamwambia baba yako mkubwa na shangazi yako watakujibu. Nilijua ninamdanganya, kwa maana nyinyi wawili hamjasemeshana miaka yote hii. Salamu zenu zinapita kwangu kama mizigo ya stendi, na nikifa sijui zitapitia wapi. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi ya hapa ni binti wa miaka minane.

Hebu tuseme ilivyokuwa, maana hatujawahi kuisema tukiwa tumekaa pamoja. Bibi yangu aliyenilea alilala na moto maisha yake yote. Sisi watu wa huku juu tumezaliwa kando ya moto, na mgeni akija jambo la kwanza anasogezewa moto, chakula baadaye. Lakini nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo na nyasi. Moshi ulitoka ulikotaka, upepo uliingia ulikotaka, asubuhi tuliamka na macho mekundu, tukalalamika, tukaishi. Jastin akajenga ya kisasa. Matofali ya kuchoma, bati, dari, dirisha la kioo lenye fremu aliyoifuata mwenyewe Makambako, mlango uliokaa barabara hata wembe haupiti. Mlimsifu, nami nilipiga vigelegele. Mwanangu aliiacha nyumba ya bibi yangu, moto wa bibi yangu hakuuacha. Jioni ile ya ukungu waliingiza jiko la mkaa humu ndani, wakafunga dirisha, wakasokota kanga wakaiziba chini ya mlango, wakalala. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba kila ufa, tukachimba kaburi. Tulipovunja mlango asubuhi walikuwa wametazamana, mashavu yana wekundu, hata nikadhani wana afya. Nikawaambia amkeni, chai inapoa. Niliwaambia tena na tena, mpaka Yudita akaja kunishika mkono.

Nipeni maji kidogo. Kidogo tu.

Kule makaburini watu walisema walichozoea: kazi ya Mungu haina makosa. Anneth ukasimama, ukaomba kipaza sauti, ukaanza kusema, ndugu zangu, mnapoingiza jiko chumbani... Hukufika mbali. Elius ulimnyang'anya dada yako kile kipaza sauti mbele ya usharika mzima, mbele ya majeneza mawili, ukamwambia asimfundishe Mungu kazi. Watu wakaitikia amina. Wakarudi makwao, na kwa kuwa baridi ilikuwa kali, jioni ile ile wakaingiza majiko yao ndani. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mke wa Filemoni, ng'ambo ya bonde, akiwa na mimba kubwa. Ukaitwa kuzika, Elius, ukasema maneno yale yale. Na wewe Anneth ukampigia simu kaka yako ukamwambia, "Huyu ni wa kwako," ukakata. Ndiyo maneno ya mwisho kati yenu. Yalikuwa mazito, binti yangu. Yalikuwa na ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo kidonda hakijafunga mpaka leo.

Nisikilize, Elius, baba. Mimi si mpagani. Nimebatizwa, nimeimba kwaya tangu usichana wangu, na magoti yangu yameota sugu kwa ajili yenu. Lakini nimeishi muda mrefu na masikio yangu yako wazi. Bibi yangu aliniambia radi ni jogoo mwekundu anayeshuka kutoka mawinguni. Mwalimu wa misheni akaja akasema jogoo ni upuuzi, radi ni Mungu amekasirika. Kisha Anneth akarudi kutoka chuoni akaniambia ni umeme, ndugu yake huu unaowasha taa. Jibu limebadilika, radi yenyewe haijabadilika hata kidogo. Ila nimeona tofauti moja. Jogoo hakunifundisha pa kujikinga. Hasira ya Mungu nayo haikunifundisha pa kujikinga, ilinifundisha kutafuta nani amekosa. Huo umeme ndio ulioniambia, mama, mvua ikinyesha usisimame chini ya mti.

Unaukumbuka mwaka wa sakitu? Ulikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Asubuhi moja tuliamka viazi vya bondeni vyote vimeunguzwa na baridi, majani meusi ti, na vya mteremkoni vimebaki kijani. Tuliomba, vema, hata mimi niliomba. Lakini baada ya kuomba watu wakaanza kuulizana wenye mashamba ya bondeni wametenda dhambi gani, na huko bondeni mjane alikuwa mmoja tu, Yudita. Wakaacha kumsalimia. Baba yenu Manase alisimama nje ya kanisa, mtu asiyependa maneno yule, akasema, "Jamani, sakitu haina macho ya kuona dhambi. Baridi ni nzito, inateremka bondeni kama maji." Mwaka uliofuata akapandisha viazi juu, tukala. Na Jastin alipokufa, wakamnong'ona Yudita yule yule, eti kwa kuwa jioni ile alipita kuomba kaa la moto. Ukishasema Mungu ndiye aliyetenda, na moyo ukakataa kumlaumu Mungu, kidole kinatafuta mtu wa kumnyooshea, na mara nyingi kinamkuta mjane. Ulikuwa na joho lako, Elius, ungeweza kumtetea. Hukumtetea.

Kule mnadani Makambako kuna muuza dawa ambaye mzizi wake mmoja unatibu tumbo, meno, utasa na mkosi. Tunamcheka. Lakini sisi tukiulizwa kwa nini mvua, Mungu. Kwa nini ukame, Mungu. Kwa nini huyu amepona na yule amekufa, Mungu. Baba, ukiniambia shamba hili ni la Manase umenitajia mwenye shamba, hujaniambia viazi vimeungua kwa nini. Na mwenye shamba akiwa ni mtu mwema, hatakasirika nikiinama kuchunguza udongo wake.

Usitabasamu, Anneth. Zamu yako imefika.

Krismasi ile Ema alipouliza mtu wa kwanza alitoka wapi, Elius akamwambia udongo, wewe ukamwambia wanyama wa kale na miaka isiyo na idadi, kila mmoja akimwambia mtoto bila kumtazama mwenzake, mpaka mtoto akaweka nyama yake chini akatoka nje. Baadaye nilikufuata nikakuuliza, na kabla ya huo mwanzo wenu kulikuwa na nini? Ukaniambia, "Mama, hatujui." Nilikupenda kwa neno hilo kuliko kwa digrii yako. Nikamfuata Elius, nikamuuliza, na Mungu je, yeye alitoka wapi? Akaniambia hilo haliulizwi. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Mungu anayeogopa swali la bibi kizee si yule niliyemlilia miaka yote.

Lakini Anneth, nilipokuuliza kwa nini Jastin, ulinieleza mkaa, na hewa, na damu inavyobeba hewa mbaya ikaiacha nzuri. Nilielewa. Nilishukuru kuelewa. Kisha nikarudi kitandani nikalia kama jana yake. Ulinieleza jinsi alivyokufa, hukunieleza nitaishije. Sala za Elius hazikufungua dirisha, na elimu yako haikunifuta machozi, na nyinyi wawili mnagombana kana kwamba kazi hizo mbili ni moja.

Sasa nasema lile gumu. Nitasema siri ya kila mmoja mbele ya mwenzake, mnisamehe, muda wa adabu umeniishia.

Elius, lile jiko ulilinunua wewe. Ulilibeba kutoka Njombe mjini siku ya harusi yao, jiko zuri la udongo lenye vishikio, ukacheza nalo kichwani mpaka watu wakakutunza. Na siku ya maziko, kabla hakujapambazuka vizuri, nilikuona ukilitoa humu umelifunika koti lako, ukalifukia kwenye milanzi. Nilikuona, baba. Sikukuambia. Ndiyo maana hukutaka jiko litajwe kaburini. Ikiwa Mungu ndiye aliyewachukua, basi si zawadi yako. Ulijificha nyuma ya Mungu kama ulivyokuwa ukijificha nyuma ya gauni langu, na kule nyuma umekaa peke yako miaka hii yote, unahubiri na unakonda. Njoo, niguse. Hukumuua ndugu yako. Ulimpenda ukamletea moto, na hata mimi ningemletea moto.

Usimtazame hivyo, Anneth. Na wewe unalo. Ulikuja wiki moja kabla, ukamwona Nelly akiingiza jiko chumbani, wewe unayewafundisha watoto wa watu jambo hilo hilo ubaoni, na ukanyamaza, kwa sababu hukutaka wifi yako aseme unajifanya mwalimu mpaka nyumbani kwa watu. Uliniambia mwenyewe siku ya kuanua matanga, umelaza kichwa mapajani pangu. Ukamwambia kaka yako "huyu ni wa kwako" kwa kuwa moyoni ulikuwa unajiambia wale wawili ni wa kwako. Si wa kwako, mama. Adabu ya wifi kwa wifi ndiyo iliyokufunga mdomo, nami ndiye niliyekufundisha adabu hiyo, na ni adabu nzuri, ila siku ile haikuwa siku yake.

Haya. Lieni. Nililia peke yangu sana, leo afadhali tuko watatu.

Mtaniuliza, sasa wewe mama unamwamini Mungu au humwamini? Namwamini. Nguluvi, kama bibi yangu alivyomwita kabla ya misheni kuja, na Mungu kama nilivyofundishwa. Lakini si kwa sababu ananieleza mambo. Nilitafuta maelezo kwake nikarudi mikono mitupu, na nilipoacha kumuuliza sakitu imetoka wapi ndipo nilipoanza kukaa naye vizuri. Kwangu Mungu ni yule ninayemlilia baada ya jibu kupatikana na uchungu ukabaki pale pale. Kama kuna mtu anayenisikia au ni ukungu tu, nitajua hivi karibuni kabla yenu, na siwezi kurudi kuwaambia. Hilo linanisikitisha, kwa kuwa mnajua napenda kuleta habari.

Moyo unaenda mbio. Sikilizeni haya ya mwisho, msiniulize mara mbili.

Ema atakaa na Anneth Makambako wakati wa shule; kule upepo hauruhusu hewa yoyote mbaya kukaa. Likizo zote atakwenda kwa Elius. Kumpeleka na kumrudisha mtafanya wenyewe, uso kwa uso, si kumpakia kwenye gari na kupiga simu. Kwenye msiba wangu Yudita akae mstari wa mbele, na kamba ya ng'ombe apewe mbele za watu, kila aliyemnyooshea kidole aone. Elius, kaburini kwangu kipaza sauti utampa dada yako kwa mkono wako mwenyewe. Atawaambia watu habari ya majiko na madirisha, ataimaliza, na wewe utasimama kando yake mpaka amalize. Kisha wewe utaomba, na Anneth atakaa mpaka mwisho wa sala, hata kama haamini neno hata moja. Mke wa Filemoni hatarudi. Lakini kuna watoto wengi kijijini hapa, na kiangazi hiki ukungu ni mzito.

Na lile jiko, Elius. Lifukue. Milanzi ni yako sasa, chimba. Kama halijaoza, mlisugue, mkaliwashe uani, nje kabisa, kwenye upepo, muwapikie watu chai ya msiba wangu. Ema awe hapo. Aone moto ule ule ukiwa mahali pake, aone unachemsha maji na haumuui mtu. Msimlazimishe kusogea. Mwacheni asogee mwenyewe. Jiko halina dhambi, wanangu, halina hata akili. Sisi ndio tuliolipeleka palipozibwa.

Akiwauliza nani ameniua, mwambieni hakuna. Mwambieni moyo wa bibi ulipanuka ukachoka kusukuma, daktari aliuona kwenye mashine. Asiseme mtu Mungu kanipenda zaidi, mtoto asije akavunja vikombe tena. Akiuliza niko wapi sasa, hapo Elius umjibu, lakini useme "naamini," usiseme "najua." Na wewe Anneth usiseme "hapana." Ukiweza, sema "natumaini." Usipoweza, mshike mkono tu. Mtoto akishikwa mkono huwa haulizi zaidi.

Hapana, hapana, msilete moto. Nasema msilete. Nifunikeni blanketi lile la Jastin, linatosha.

Elius, simama. Lile dirisha... lifungue. Wewe, si Anneth. Halijafunguliwa tangu siku ile. Kitasa kitakuwa kimeshika kutu, sukuma kwa bega. Sukuma, baba. Tena.

Aa. Ukungu huo. Nausikia usoni, na harufu ya misonobari. Basi hivi ndivyo chumba chake kilivyopaswa kuwa.

Pigeni magoti, niwawekee mikono. Vichwa vyenu vina mvi, jamani, lini tena... Nendeni pamoja. Mvua iwakute mmepanda. Sakitu iwapite. Mkikosana, mkosane mchana, mle pamoja jioni. Watoto wenu waulize maswali mpaka mchoke. Nguluvi awatunze, na pale asipoonekana mtunzane wenyewe.

Anneth, omba wewe. Hujui maneno? Sema asante, mama... inatosha... Elius ataitikia.

Mlangoni ni nani? Yudita? Umemleta? Mwache aingie. Njoo, Ema, njoo, mama, usiogope, dirisha liko wazi. Panda hapa katikati yao. Lile swali lako... waulize. Waulize sasa, bado nasikia.